Mwami Theresa Ntare na kiti cha Heru

Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 27, wapo mabinti watano wa Selofehadi. Baba yao alifia jangwani bila kuacha mtoto wa kiume. Wakaenda kusimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, kuhani na wakuu wote, wakadai sehemu ya baba yao. Musa hakuwajibu palepale. Alilipeleka shauri lao kwa Bwana, na Bwana akawapa haki mabinti.

Nawakumbuka kila linapotajwa jina la Mwami Theresa Ntare.

Heru iko Kasulu, kwenye miinuko ya Buha, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu kutoka Ujiji. Ilikuwa mojawapo ya tawala za Waha, pamoja na Muhambwe, Buyungu na nyinginezo, na Ntare lilikuwa jina la kutawalia katika ukoo wa mwami. Mwaka 1946 kiti hicho kikakaliwa na mwanamke. Akawa Ntare wa sita, na jina lake la Kikristo, Theresa, likabaki mbele ya lile la kitawala. Mwaka huohuo Kanisa Katoliki liliifanya Kigoma kuwa vikariati, chini ya Askofu van Sambeek. Imani ilikuwa bado changa katika vilima vile, na watu waliendelea kuwaendea wateko, waliotunza ardhi na mizimu yake.

Kiti hakikuwa pambo. Chini ya Waingereza mwami ndiye aliyekuwa serikali ya wenyeji: mashauri ya mashamba, mahari na ng'ombe yaliishia barazani kwake, na amri za mkuu wa wilaya ziliwafikia watu kwa mkono wake. Kodi nayo ilipitia hapo.

Na kodi ndiyo iliyoumiza Buha. Fedha taslimu ilikuwa haba. Reli ilikuwa imefika Kigoma tangu 1914, na mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro yalikuwa na njaa ya vibarua. Wanaume wa Kiha wakapanda treni kwenda kuwa manamba. Wengine walikaa miaka, wengine hawakurudi kabisa. Nyumba zikabaki mikononi mwa akina mama: kulima, kulea, kuuguza wazee, kulinda mpaka wa shamba jirani asiusogeze.

Kwa hiyo sipendi kumchora Mwami Theresa kama malaika. Kiti kilekile kilichompa sauti kilikuwa ngazi katika utawala wa kikoloni, na kilikuwa cha ukoo, si cha kura za wananchi. Wahubiri wengi wakitaka mfano wa mwanamke kiongozi hukimbilia Debora. Mimi namwona Theresa karibu zaidi na Esta, aliyevaa taji ndani ya nyumba ya mfalme mgeni, akawa na nafasi ndogo ya kusema neno kwa ajili ya watu wake. Nafasi ya namna hiyo huwa na gharama yake. Ukinyamaza unalaumiwa na watu wako, ukisema unamchukiza mwenye nchi.

Alikaa kitini miaka 17. Tanganyika ikapata uhuru mwaka 1961, na mwaka 1963 utawala wa machifu ukafutwa nchi nzima. Haikuwa shauri lake peke yake, na kwa haki kabisa taifa jipya halikuweza kujengwa juu ya damu ya koo. Lakini kuna kitu kilipotea Heru ambacho hatukukihesabu. Msichana aliyezaliwa kule mwaka 1946 alikua akijua kwamba mwenye neno la mwisho barazani ni mama. Mdogo wake hakuona tena hivyo. Viti vipya vya wenyeviti na makatibu vilijaa wanaume, kana kwamba Mwami Theresa hakuwahi kupita.

Ametutoka miaka mingi sasa. Makanisani mwetu akina mama ndio wanaobeba jumuiya, kwaya, wagonjwa na misiba. Novemba 2024, tulipochagua wenyeviti wa vijiji na vitongoji, ni wangapi kati yao walichukua fomu, na wangapi waliambiwa wamwachie mume?

Lile la mabinti wa Selofehadi limo sasa katika sheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka Baraza la Ardhi la Kijiji liwe na wajumbe 7, na wasiopungua 3 kati yao wawe wanawake. Wasiopungua, haikukataza wa nne. Hapo ndipo migogoro ya mipaka inapoanza kusikilizwa, na mjane anapokwenda kusema shamba la marehemu limechukuliwa na shemeji. Ukipita ofisi ya kijiji chako wiki hii, ulizia majina ya hao watatu, na kama huwa wanaitwa kikaoni.