Händel na kinanda kisichosikika

Wanakorali wa Butembo na Beni wanamjua Georg Friedrich Händel, au Haendel kama wengi wetu tunavyomwandika, kwa sauti kubwa. Alleluya yake huimbwa kwa sauti nne, watu wamesimama, na anayepita barabarani husikia. Wachache wanajua kwamba, kama wanavyosimulia waliomwandika, mtu huyo alianza muziki kwa kinanda kilichofaa kwa sababu hakikusikika hata chumba cha pili. Mwanafunzi anayejifunza filimbi katika nyumba ya mbao, huku jirani yake akijiandaa kwa mtihani, ana sababu ya kuyasoma maisha hayo.

Händel alizaliwa tarehe 23 Februari 1685 katika mji wa Halle, Ujerumani. Baba yake, Georg, alikuwa na miaka zaidi ya sitini. Alikuwa kinyozi na mpasuaji, kazi mbili zilizokwenda pamoja siku zile, na alikuwa amepanda hadi kuwatibu watu wa ikulu. Mama yake, Dorothea, alikuwa binti wa mchungaji wa Kilutheri. Mzee huyo alijua thamani ya kazi yenye mshahara. Alitaka mwanawe asome sheria. Muziki aliuona kuwa njia ya watu wasio na uhakika wa kesho, akapiga marufuku vyombo vya muziki nyumbani kwake.

Hapo ndipo kinapoingia kinanda cha darini. Inasimuliwa kwamba mtoto huyo, kabla hajatimiza miaka saba, alipata klavikodi iliyopandishwa kwa siri hadi chumba cha juu kabisa cha nyumba. Watu walipolala, yeye alipanda kwenda kujifunza. Baba hakusikia kitu.

Anayejua klavikodi hatashangaa. Ni sanduku jembamba la mbao, jepesi kiasi cha kubebwa na mtu mmoja au wawili, lenye nyuzi za chuma na safu ya vibao vya kubonyeza. Ukibonyeza kibao, kipande kidogo cha shaba nyeupe huinuka na kuugusa uzi, kisha hubaki kimeugusa mpaka uondoe kidole. Hakuna nyundo inayorushwa wala uzi unaokwanyuliwa. Sauti ni ndogo sana, na mlango uliofungwa huizuia. Lakini ndani ya udogo huo, kidole ndicho kinachotawala kila kitu: kikizidisha au kupunguza nguvu kidogo, sikio hutambua. Ndiyo maana wapiga kinanda wa makanisa ya Ujerumani walikuwa nayo nyumbani. Kinanda kikubwa cha kanisa kilihitaji mtu wa kuvuta mivukuto, na kanisa wakati wa baridi halikukalika. Klavikodi haikuhitaji msaidizi, wala haikumsumbua mtu.

Je, kisa hicho ni cha kweli? Sisi tunaosoma lugha na fasihi simulizi tumezoea kuuliza swali hilo. Kimeandikwa katika kitabu cha John Mainwaring, kilichotoka London mwaka 1760, mwaka mmoja baada ya kifo cha Händel na miaka zaidi ya sitini baada ya jambo lenyewe. Mainwaring alitegemea kumbukumbu za watu waliokuwa karibu na mwanamuziki huyo uzeeni, na tarehe kadhaa katika kitabu chake hazikubaliani na hati. Wasomi wengine wanauliza jinsi chombo kama hicho kingeweza kukaa nyumbani bila mzee kujua. Huenda mama au mtu mwingine wa nyumbani alinyamaza. Masimulizi hukuza mambo, lakini hili halikujengwa juu ya jambo lisilowezekana: klavikodi ilikuwa kweli chombo ambacho mtoto angeweza kukipiga usiku bila kumwamsha mtu.

Ukimya huo ulimlea, ila usingemfikisha mbali peke yake. Ilibidi siku moja asikike. Baba yake alikwenda Weissenfels, kwenye ikulu ya mtawala aliyemtumikia, na mtoto akafuatana naye. Huko alipanda kwenye kinanda cha kanisa akapiga. Mtawala akamsikia, akauliza ni nani, kisha akamshauri mzee asimzuie. Mzee hakuweza kumkatalia bwana wake. Waliporudi Halle, mtoto akapelekwa kwa Friedrich Wilhelm Zachow, mpiga kinanda wa kanisa kuu la soko. Zachow alimfundisha utunzi, kinanda na fidla, akamnakilisha kazi za watunzi wa nchi mbalimbali.

Baba alifariki mwaka 1697. Mwaka 1702 kijana alijiandikisha katika Chuo Kikuu cha Halle, na mwaka huohuo akaajiriwa kuwa mpiga kinanda kanisani. Mwaka uliofuata aliondoka kwenda Hamburg, akapiga fidla katika jumba la opera. Huko nusura afe: Desemba 1704 aligombana na rafiki yake Johann Mattheson kuhusu nani akae kwenye kinanda wakati wa onyesho, wakatoka nje na panga, na inasemekana upanga wa Mattheson ulivunjikia kwenye kifungo cha koti lake. Baadaye walipatana. Toka 1706 hadi 1710 alikuwa Italia. Kisha akaenda Uingereza, na tarehe 24 Februari 1711 opera yake Rinaldo ikaonyeshwa London.

Katika Rinaldo kuna wimbo wa bustani ambamo filimbi ndogo huiga ndege, na waandishi wa gazeti walidhihaki jinsi shomoro hai walivyoachiwa ukumbini. Filimbi ile ni ndugu wa filimbi ya bati ambayo Robert Clarke alianza kuitengeneza Uingereza miaka ya 1840, na ambayo leo inauzwa kwa bei nafuu duniani kote. Zote hufanya kazi namna moja: pumzi hupita kwenye mfereji mwembamba, ikagonga ukingo wa tundu lililo chini ya mdomo. Na zote zina tabia ambayo klavikodi haina. Ukipuliza taratibu ili usimsumbue jirani, noti ya juu huanguka ikawa ya chini, au hupoteza usahihi. Noti za juu hudai pumzi ya nguvu, na pumzi ya nguvu huleta kelele. Kwa hiyo upole wa filimbi hautegemei sana adabu ya mpigaji, bali chombo chenyewe. Anayetafuta filimbi tulivu achague yenye sauti ya pumzi nyingi na mlio mdogo, kama zile za bati lililokunjwa za Clarke, au abandike kipande kidogo cha utepe juu ya sehemu ya lile tundu, akisogeza kidogo kidogo mpaka mlio upungue bila kuharibika.

Kwetu jambo hili si la adabu tu. Tangu mauaji yalipoanza katika eneo la Beni, Oktoba 2014, usiku una lugha yake. Filimbi na sufuria zinazogongwa ni njia ya kuwaamsha majirani kwamba kuna hatari. Anayejifunza wimbo wake saa nne usiku anaweza kumtoa mama kitandani na watoto mgongoni. Händel mdogo aliogopa baba mmoja. Mwanafunzi wa Beni anabeba usingizi wa mtaa mzima.

Händel aliendelea kupanda na kuanguka. Alipata uraia wa Uingereza mwaka 1727, akatunga muziki wa kutawazwa kwa mfalme George wa Pili. Opera zake zikapoteza watazamaji, na mwaka 1737 akapooza mkono wa kulia, akapona. Kuanzia tarehe 22 Agosti hadi 14 Septemba 1741 aliandika Messiah. Iliimbwa kwa mara ya kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742, na mapato yakasaidia wafungwa wa madeni na hospitali mbili. Alleluya yetu imetoka humo.

Mwaka 1751, akiandika Jephtha, jicho lake la kushoto lilishindwa na ilimbidi asimamishe kazi kwa muda. Miaka michache ya mwisho hakuona kabisa. Hata hivyo aliendelea kukaa kwenye kinanda mbele ya watu, akipiga kwa kumbukumbu na kwa kubuni papo hapo. Vidole vilijua njia bila macho, kama ambavyo masimulizi yanasema vilijifunza njia bila sauti. Mpiga filimbi naye anaweza kufanya hivyo: usiku aweke vidole kwenye matundu sita, apitie wimbo mzima bila kupuliza, akiusikia kichwani. Asubuhi, mji ukiwa umeamka, apulize.

Händel alifariki London tarehe 14 Aprili 1759, akazikwa Westminster mbele ya watu wapatao elfu tatu.