Charles Drew: Daktari wa damu aliyekwamishwa na somo la Kiingereza

UKIJAZA fomu ya kujiunga na vyuo vya Marekani, hasa vile vinavyochukua wanafunzi wachache tu, utaulizwa unanuia kubobea katika somo gani. Anayetaka kuwa daktari hutafuta udaktari kwenye orodha hiyo asiuone. Hapa kwetu ukimaliza shule ya upili na alama ziwepo, unaomba udaktari moja kwa moja. Kule unasoma kwanza digrii nyingine, kwa kawaida miaka minne, halafu ndipo unabisha hodi kwenye shule ya udaktari. Basi vijana wanabaki wakikuna kichwa: niandike baiolojia? Kemia? Na je, nikiandika historia nitakuwa nimejiharibia?

Charles Drew alipitia njia hiyo karibu miaka mia moja iliyopita, na kilichomkwaza hakikuwa sayansi hata kidogo.

Alizaliwa Juni 3, 1904, jijini Washington. Babake alikuwa fundi wa kutandika mazulia na mamake alikuwa amesomea ualimu. Akiwa mvulana aliuza magazeti mitaani. Alisoma Dunbar, shule ya upili ya watu weusi iliyosifika kwa masomo, lakini sifa zake yeye zilikuwa uwanjani. Alikuwa moto wa kuotea mbali kwenye mbio, mpira wa vikapu na kandanda ya Kimarekani. Mnamo 1920 dadake, Elsie, alifariki kwa kifua kikuu kilichozidishwa na homa ya mafua. Kifo hicho kilimwachia maswali mengi kuhusu maradhi.

Mnamo 1922 alipata ufadhili wa masomo kwa sababu ya michezo, akaenda chuo cha Amherst, jimbo la Massachusetts. Kati ya wanafunzi takriban 600, weusi walikuwa 13 pekee. Amherst haina shule ya udaktari. Ni chuo cha digrii ya kwanza, cha kusoma mambo mengi kwa mapana. Drew alikimbia, akacheza, akashangiliwa. Darasani alikuwa wa kawaida tu.

Mambo mawili yalimsogeza. Aliumia akicheza kandanda, akalazwa hospitalini, na huko akavutiwa na kazi ya madaktari. Kisha kulikuwa na mwalimu wake wa baiolojia, Otto Glaser, aliyemfanya alipende somo hilo. Yaani udaktari haukuwa mpango alioingia nao chuoni mkononi kama tiketi ya basi. Ulimjia akiwa humo humo.

Alipohitimu 1926, pesa hazikuwepo. Akaenda chuo cha Morgan, mjini Baltimore, kufundisha baiolojia na kemia na kusimamia michezo. Alikaa miaka miwili akiweka akiba ya karo.

Kisha akatuma maombi. Enzi hizo shule nyingi za udaktari za Marekani zilikuwa zinachukua weusi wa kuhesabu kwa vidole, au hazichukui kabisa. Howard, chuo cha weusi kilicho kwao Washington, ndicho kilichoonekana njia nyepesi. Kikamkataa. Sababu? Hakuwa amesoma Kiingereza cha kutosha chuoni. Jamaa amefundisha kemia miaka miwili, anarudishwa mlangoni kwa upungufu wa Kiingereza! Harvard ilimkubali, ila ikamtaka asubiri mwaka mwingine. Hakutaka kusubiri. Mnamo 1928 akavuka mpaka hadi McGill, mjini Montreal, Kanada.

Mtego uko hapo, na bado haujaondolewa. Shule za udaktari za Marekani kwa jumla hazijali sana digrii yako ya kwanza ina jina gani. Aliyesoma muziki au historia anaweza kuchukuliwa. Lakini nyingi zina orodha ya kozi ambazo ni lazima uwe umezisoma: baiolojia, kemia, fizikia, na si ajabu ukakuta Kiingereza au uandishi. Mtu anaweza kusoma baiolojia miaka minne, akaibuka na alama nzuri, kumbe kuna kozi moja aliidharau. Kwa maoni yangu, anayejaza fomu leo afadhali atumie jioni moja kuipekua orodha hiyo kuliko wiki nzima kukisia ni somo gani litawapendeza wanaomchagua.

McGill ilimwona Drew mwingine. Alihitimu 1933 akiwa wa pili katika darasa la wanafunzi 137. Huko ndiko alikoanza kufuatilia kazi ya kuwaongezea wagonjwa damu. Baadaye alienda Chuo Kikuu cha Columbia, New York, na mnamo 1940 akapata shahada ya udaktari wa sayansi kwa utafiti kuhusu uhifadhi wa damu. Huyu aliyeambiwa Kiingereza chake hakitoshi aliandika kitabu kizima ili kuipata.

Mwaka huo huo Uingereza ilikuwa ikipigwa mabomu na Ujerumani. Drew aliongoza mpango wa kukusanya damu New York, kutenganisha plazma, yaani ile sehemu ya majimaji, na kuisafirisha hadi Uingereza. Watu wapatao 14,500 walitoa damu. Mnamo 1941 aliendesha mradi wa majaribio wa Shirika la Msalaba Mwekundu la Marekani, ambalo awali lilikataa damu ya weusi, kisha likaipokea kwa masharti kwamba itengwe na ya weupe. Drew alisema waziwazi kwamba utengano huo hauna msingi wowote wa kisayansi.

Mwaka huo alirejea Howard, akawa mkuu wa idara ya upasuaji katika shule ile ile iliyomkataa, na akatumia muda wake mwingi kuwafunza madaktari vijana weusi upasuaji.

Mnamo 1947 Amherst ilimpa shahada ya heshima. Alifariki Aprili 1, 1950, kwa ajali ya gari North Carolina, akielekea kwenye mkutano wa madaktari huko Tuskegee. Alikuwa na miaka 45.