Ahmad bin Naaman

Mtu akisimama pwani ya Jambiani akatazama mashariki, huona bahari isiyo na mwisho. Ahmad bin Naaman aliijua bahari hiyo, naye alikuwa katibu mwaminifu wa Seyyid Said, mtawala wa Oman na Unguja. Bwana wake alimtuma Marekani katika merikebu iitwayo Sultana, yenye shehena ya pembe, karafuu, kahawa na tende, pamoja na farasi wawili, zawadi kwa Rais.

Katika vita vya 1939 hata 1945, merikebu za biashara zilivuka Atlantiki kwa makundi, zikilindwa na manowari. Lakini Sultana ilivuka peke yake. Kama ingalizama, hapakuwa na mwenzi wa kuwaokoa watu wake. Mawimbi yakaichakaza sana. Hata hivyo, tarehe 30 Aprili 1840 ikatia nanga New York.

Watu wengi wakaja kuwatazama wageni. Ahmad akakaa nao kwa adabu, akauza shehena, akanunua bidhaa alizoagizwa. Serikali ya Marekani ikaitengeneza merikebu bila malipo, naye akairudisha Unguja salama Desemba mwaka ule ule. Alikufa mwaka 1869. Alipewa amana kubwa, naye akaitimiza.