Dhyan Chand: Gwiji wa magongo aliyehofia mwanawe kurithi gongo lake

WAHENGA walinena kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. Hata hivyo, si kila mzazi hufurahia kumwona mwanawe akiifuata njia aliyoipita yeye. Dhyan Chand, Mhindi anayehesabiwa na wengi kuwa mchezaji bora zaidi wa mpira wa magongo aliyepata kuzaliwa, alikuwa mmoja wa wazazi hao. Mchezo ulimpa jina lililovuka bahari, lakini haukumpa mali, na kwa sababu hiyo hakutaka mwanawe Ashok Kumar aushike.

Dhyan alizaliwa Agosti 29, 1905 mjini Allahabad, katika ukoo wa wanajeshi. Babake, Sameshwar Singh, alikuwa askari katika jeshi la Waingereza nchini India na alicheza magongo kikosini. Familia ilihamahama pamoja na kazi ya baba hadi ilipotia nanga mjini Jhansi. Utotoni Dhyan hakuonyesha hamu kubwa ya magongo, alipendelea mieleka.

Mambo yalibadilika alipojiunga na jeshi mwaka wa 1922, akiwa na umri wa miaka 17. Baada ya kazi za mchana alijifua usiku kwa mwangaza wa mwezi, nao wenzake wakambandika jina la Chand, yaani mwezi, badala ya Singh alilozaliwa nalo. Mwaka wa 1926 alikuwa katika timu ya jeshi iliyozuru New Zealand na kushinda mechi 18 kati ya 21.

Miaka miwili baadaye India ilishiriki magongo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza, mjini Amsterdam. Ilitwaa dhahabu bila kufungwa hata bao moja, huku Dhyan akitikisa wavu mara 14 katika mechi tano. Alipokwenda Los Angeles mwaka wa 1932, hakuwa peke yake tena. Mdogo wake, Roop Singh, alikuwa naye kikosini. India iliinyeshea Marekani mabao 24-1. Roop alifunga kumi na kakake manane. Kati ya mabao 35 ambayo India ilifunga katika mashindano hayo, 25 yalitoka kwa ndugu hao wawili.

Mjini Berlin mwaka wa 1936, Dhyan alikuwa nahodha. Kabla ya michezo kuanza, Wajerumani waliwatia wageni hofu kwa kuwashinda 4-1 katika mechi ya kirafiki. Timu hizo zilipokutana tena katika fainali, Agosti 15, India ililipiza kisasi kwa ushindi wa 8-1. Ndugu hao wakarejea nyumbani na dhahabu nyingine. Vita Vikuu vya Pili vilifutilia mbali Olimpiki za 1940 na 1944, na miaka bora iliyosalia ya gwiji huyo ikayeyuka.

Wapenzi wa magongo wa Afrika Mashariki walibahatika kumwona kwa macho yao. Mwishoni mwa mwaka wa 1947, miezi michache baada ya India kujipatia uhuru, timu ya nchi hiyo ilizuru eneo hili. Waalikaji, Waasia waliokuwa wameukuza mchezo huo huku, walisisitiza kwamba Dhyan awemo. Alikuwa na umri wa miaka 42, umri ambao wengi huwa wamekwisha kutundika gongo. Lakini alifunga mabao 61 katika mechi 22 za ziara hiyo.

Alistaafu jeshini mwaka wa 1956, na mwaka uo huo serikali ikamtunuku nishani ya Padma Bhushan. Baadaye alikuwa mkufunzi katika taasisi ya taifa ya michezo mjini Patiala. Lakini nishani hailiwi. Pensheni yake ilikuwa ndogo na jamaa yake kubwa, na maisha ya Jhansi hayakuwa rahisi. Aliyaona haya alipomtazama Ashok akishika gongo. Alijua vyema jinsi umati unavyoshangilia leo na kusahau kesho, naye akamsihi mwanawe atafute riziki kwingine.

Damu ilikuwa nzito kuliko ushauri. Ashok aliingia timu ya taifa, na katika Kombe la Dunia la kwanza, lililoandaliwa Barcelona mwaka wa 1971, alikuwa katika kikosi cha India kilichoipiku Kenya 2-1 na kunyakua nafasi ya tatu. Hadi leo Wakenya hukumbuka nafasi hiyo ya nne kwa fahari.

Siku ya Ashok iliwadia Machi 15, 1975 mjini Kuala Lumpur. Katika fainali ya Kombe la Dunia, Pakistan ilitangulia kufunga, Surjit Singh akasawazisha, kisha Ashok akapachika bao la pili. Mpira uligonga pembe ya ndani ya goli na kurudi uwanjani. Wapakistani walilalama, lakini mwamuzi alishikilia kwamba ulikuwa umevuka mstari. India ikawa bingwa wa dunia kwa mara ya kwanza. Taji ambalo halikuwapo enzi za Dhyan lilifika nyumbani mwake kupitia mwana aliyemkanya.

Roop aliaga dunia mwaka wa 1977. Dhyan alimfuata Desemba 3, 1979, akiugua saratani ya ini, baada ya kulazwa katika wodi ya kawaida ya hospitali mjini Delhi. Mwili wake ulichomwa katika uwanja wa magongo wa Jhansi.

Heshima kubwa zilikuja akiwa hayupo. Uwanja wa taifa mjini Delhi ulipewa jina lake mwaka wa 2002, na mwaka wa 2021 tuzo ya juu kabisa ya michezo nchini humo ikaitwa kwa jina lake. Siku yake ya kuzaliwa ndiyo Siku ya Michezo ya India. Hofu yake kuhusu mwanawe haikuwa ya bure: taifa lilijua kumsifu bingwa, ila halikujua kumtunza angali hai.