Mtakatifu Yoane wa Msalaba, Mtunga Nyimbo Gerezani

Yoane alizaliwa mwaka 1542 katika kijiji cha Fontiveros, nchi ya Hispania. Baba yake alitoka katika ukoo wenye mali, lakini ndugu zake walimkataa kwa kuwa alioa msichana maskini, mfumaji wa nguo. Baba akafa Yoane angali mtoto mdogo, na mama akahangaika huku na huko akiwatafutia watoto wake riziki. Yoane alipokuwa kijana, aliwauguza wagonjwa katika hospitali ya Medina del Campo, huku akiendelea na masomo.

Mwaka 1563 aliingia Shirika la Karmeli, na mwaka 1567 akapewa Daraja Takatifu ya Upadri. Mwaka ule ule alikutana na Mtakatifu Teresa wa Avila, aliyetaka watawa wa Karmeli wairudie desturi ya zamani ya kusali sana, kufunga, na kuishi katika umaskini. Yoane akakubali kumsaidia. Lakini watawa wengi wa shirika hilo hawakupendezwa na jambo hilo.

Usiku wa tarehe 2 Desemba 1577, watu wenye silaha walimkamata Yoane mjini Avila. Akapelekwa Toledo, katika nyumba ya watawa, akaamriwa aiache kazi aliyoianza pamoja na Teresa. Alipokataa, akafungwa. Na uchungu wake ulikuwa huu: waliomfunga hawakuwa adui wa dini, bali ndugu zake wa shirika moja.

Chumba chake kilikuwa na upana wa meta 2 hivi na urefu wa meta 3. Hakikuwa na dirisha, ila tundu dogo juu ukutani. Alipotaka kusoma kitabu cha sala, alipanda juu ya kigoda ili apate mwanga kidogo. Chakula chake kilikuwa mkate na maji, na pengine samaki mdogo. Mara kwa mara alipigwa mgongoni mbele ya watawa wote. Hata kusoma Misa alikatazwa.

Katika giza hilo Yoane akaanza kutunga mashairi. Kwanza hakuwa na karatasi wala wino. Aliyapanga maneno moyoni, akayarudia-rudia mpaka akayashika, kama mkatekumeni anavyozishika sala asizoweza bado kuzisoma. Baada ya miezi kadhaa akaja mlinzi mwingine, mtu wa huruma, akampa karatasi na wino. Hivyo zikapatikana beti 31 za kwanza za Wimbo wa Roho, pamoja na mashairi mengine.

Ndani ya mashairi hayo hamna neno la kuwalaani waliomtesa. Mtu aliyeona kuta nne tu aliimba juu ya milima, mito, maua na ndege. Aliimba juu ya roho inayomtafuta Kristu kama bibi arusi amtafutaye bwana wake, na juu ya chemchemi iliyofichika, itiririkayo usiku. Wafungaji walimnyima jua, lakini hawakuweza kumnyima wimbo, maana wimbo ulitoka mahali ambapo ufunguo wao haukufika.

Mwezi wa Agosti 1578 alilegeza kufuli ya mlango, akapasua mablanketi, akayafunga vipande pamoja, akashuka dirishani usiku. Masista wa Karmeli wa Toledo wakamficha. Alikuwa amedhoofika sana, hata hivyo aliwatamkia mashairi yake. Baadaye masista wakamwomba awaeleze maana yake, naye akaandika vitabu vikubwa vinavyofundisha njia ya sala.

Mwaka 1591 ndugu zake walimvua tena vyeo vyake. Akaugua, akaenda Ubeda, ambako mkubwa wa nyumba alimtendea kwa ukali. Kabla ya kufa, Yoane alimwomba mkubwa huyo msamaha, naye akatoka akilia. Yoane alifariki tarehe 14 Desemba 1591, na siku hiyo ndiyo sikukuu yake. Mwaka 1726 alitangazwa Mtakatifu, na mwaka 1926 Papa Pio XI alimtangaza Mwalimu wa Kanisa.

Mkatekumeni, pengine wateswa na watu wa nyumba yako mwenyewe kwa sababu wautaka Ubatizo. Usirudishe matusi. Mwangalie Yoane: alipofungiwa gizani alimwimbia Mungu, na wimbo wake waishi hata leo.