Maisha ya Benedicto Kiwanuka, Jaji Mkuu wa Uganda

Muhula huu chama chetu cha mdahalo kilijadili hoja iliyotutoa jasho. Hoja yenyewe ilikuwa kwamba katika mwaka wa uchaguzi nafasi ya jaji wa mahakama ya juu iachwe wazi mpaka kura zimekwisha kuhesabiwa. Mimi nilikuwa upande wa kuiunga mkono.

Nilitoa mfano wa Marekani. Mwezi wa Februari 2016 alifariki Jaji Antonin Scalia. Rais Obama akamteua Merrick Garland ashike nafasi yake, lakini wapinzani wa Rais, ambao ndio waliokuwa wengi katika Baraza la Seneti, walikataa hata kumsikiliza, kwa hoja kwamba uchaguzi ulikuwa mwaka ule ule. Mwaka 2020 alifariki Jaji Ruth Bader Ginsburg, tarehe 18 Septemba. Safari hii Rais alikuwa wa chama chao, nao wakamthibitisha Amy Coney Barrett tarehe 26 Oktoba, siku 8 tu kabla ya uchaguzi. Nikamaliza kwa kusema kwamba jaji aliyewekwa kitini na wanasiasa kwa haja zao hawezi kuwa jaji wa haki. Nikapigiwa makofi mengi.

Mwalimu wetu wa historia hakunipinga. Aliniuliza tu kama nalijua jina la Benedicto Kiwanuka. Sikulijua. Basi nikaenda kusoma habari zake, na nimeona yafaa niwaandikieni haya niliyoyapata.

Benedicto Kiwanuka alizaliwa mwezi wa Mei 1922 huko Kisabwa, katika nchi ya Buddu, upande wa Masaka. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alijiunga na jeshi la Mwingereza, akafika Misri na Palestina. Vita vilipokwisha hakuridhika na elimu aliyokuwa nayo. Alikwenda kusoma katika chuo cha Roma, Basutoland, nchi ambayo leo huitwa Lesotho. Kutoka huko akavuka bahari hadi London kujifunza sheria, na mwaka 1956 alirudi kwao akiwa wakili.

Mwaka 1958 alichaguliwa kuwa kiongozi wa Chama cha Demokrasia, ambacho wafuasi wake wengi walikuwa Wakatoliki. Uchaguzi wa Machi 1961 ulimpandisha juu. Serikali ya Kabaka iliwakataza Waganda wasipige kura, nao wengi wakatii. Chama cha Kiwanuka, kwa kura chache za wale waliojitokeza, kilipata karibu viti vyote vya Buganda, na hivyo kikashinda katika Uganda nzima. Mwezi wa Julai 1961 akawa Waziri Kiongozi, na tarehe 1 Machi 1962 akawa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda.

Lakini watu wa Kabaka hawakumsamehe. Waliungana na chama cha Milton Obote, na katika uchaguzi wa Aprili 1962 Kiwanuka akashindwa. Wajumbe wa Buganda walichaguliwa na Lukiiko, yaani baraza la Kabaka, wala yeye hakupata hata kiti cha kukalia Bungeni. Bendera ya Uhuru ilipopandishwa tarehe 9 Oktoba 1962, Waziri Mkuu alikuwa Obote. Mwaka 1969 Kiwanuka alitiwa kizuizini.

Tarehe 25 Januari 1971 Jenerali Idi Amin aliipindua serikali ya Obote. Siku chache baadaye aliwafungulia wafungwa wa siasa 55, na Kiwanuka alikuwa mmoja wao. Amin aliahidi kwamba uchaguzi utafanywa na serikali itarudishwa kwa raia. Mwezi wa Juni mwaka ule ule alimteua Kiwanuka kuwa Jaji Mkuu. Kabla yake kiti kile kilikaliwa na wageni, akiwamo Sir Udo Udoma kutoka Nigeria. Kiwanuka alikuwa mwana wa Uganda wa kwanza kukikalia.

Wenzangu, hapa ndipo hoja yangu ya mdahalo ilipoanza kuyumba. Kama kuna jaji aliyepewa kiti kwa haja za siasa, ndiye huyu. Alikuwa Muganda, alikuwa Mkatoliki, alikuwa kiongozi wa chama, tena alikuwa mfungwa wa Obote. Amin alikuwa mgeni madarakani na aliwahitaji watu wa namna hiyo wawe upande wake. Kwa kanuni niliyoitoa mimi mbele ya wanafunzi wote, Kiwanuka hakuweza kuwa jaji wa haki. Basi na tuone alifanya nini.

Baada ya mapinduzi askari walianza kukamata watu ovyo, na wengi hawakuonekana tena. Mwezi wa Septemba 1972 walimkamata Mwingereza mmoja, jina lake Daniel Stewart, wakamweka kizuizini. Jambo lake lilipoletwa mahakamani, Kiwanuka hakutazama lilimhusu nani wala nani angechukizwa. Aliamua kwamba askari hawakuwa na mamlaka ya kumkamata mtu namna ile, akaamuru aachiliwe. Uamuzi huo ulimgusa Amin mwenyewe, kwa maana askari wale walikuwa wake.

Siku zile zilikuwa za hatari kubwa. Tarehe 17 Septemba wafuasi wa Obote waliingia Uganda kwa silaha kutoka Tanzania, wakashindwa, na Amin akawaona maadui kila upande. Asubuhi ya tarehe 21 Septemba 1972 watu wenye silaha waliingia katika jengo la Mahakama Kuu mjini Kampala, wakamtoa Jaji Mkuu ofisini mwake, wakamtia katika gari na kuondoka naye. Hakuonekana tena, wala mwili wake haukupatikana. Alikuwa na umri wa miaka 50. Serikali ilikana kwamba ilihusika. Na ule uchaguzi ulioahidiwa haukufanywa mpaka Desemba 1980, Amin mwenyewe akiwa amekwisha kukimbia nchi.

Nilipomaliza kusoma nilikumbuka vyombo vyetu vya hapa Mafia. Mwenye chombo humchagua nahodha amtakaye. Pengine humchagua kwa udugu, pengine kwa sababu anamdai. Lakini chombo kikishatoka Kilindoni kuelekea Nyamisati, nahodha hamtazami tena mwenye chombo. Hutazama upepo, maji na roho za abiria. Mwenye chombo akimwamuru apite juu ya mwamba, nahodha wa kweli atakataa. Kiwanuka alikuwa nahodha wa namna hiyo.

Hata hivyo sitaki kusema kwamba hoja yangu ilikuwa bure kabisa. Nilikosea kudhani kwamba ubaya wote umo katika siku ya uteuzi. Uganda ilipata jaji mwema, kisha ikampoteza, kwa sababu hakukuwa na kitu chochote kati yake na mkono uliompa kiti. Ndiyo maana nchi zenye busara huweka sheria inayofunga mkono huo. Katiba yetu ya mwaka 1977 inampa Rais mamlaka ya kuteua majaji wa Mahakama Kuu, baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Lakini akishamteua, hawezi kumwondoa kwa kuchukizwa tu. Lazima iundwe tume ya kumchunguza, na lazima ionekane kwamba jaji ameshindwa kazi au ana mwenendo mbaya.

Tangu mwaka 2018 Mahakama ya Uganda hufanya mhadhara wa kila mwaka wa kumkumbuka Kiwanuka. Majaji hukusanyika katika mji ule ule alimochukuliwa na kulitaja jina lake.

Basi wenzangu, mdahalo ukirudi muhula ujao nitasimama tena, lakini sitauliza tena jaji aliteuliwa mwaka gani. Nitauliza mambo mawili: je, yuko tayari kumwambia hapana yule aliyempa kiti? Na sisi raia, tumeweka nini cha kumlinda siku atakapoisema hapana hiyo? Swali la kwanza Kiwanuka alilijibu peke yake. La pili hakuweza kulijibu peke yake, na ni juu yetu kulijibu.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne