Hugo Grotius: Mwanasheria Aliyeirudia Lugha ya Kwao

Mkazi wa Kamenu afikapo mahakamani Thika aweza kujieleza kwa Kiswahili, lakini sheria atakayohukumiwa kwayo imeandikwa kwa Kiingereza. Pengo kama hilo alilikabili Hugo Grotius karne nne zilizopita.

Grotius alizaliwa Delft, Uholanzi, mwaka 1583. Akiwa na umri wa miaka 11 alijiunga na Chuo Kikuu cha Leiden. Mwaka 1598 akatunukiwa udaktari wa sheria huko Orléans, Ufaransa. Sheria ya Kirumi aliisoma kwa Kilatini, lugha ya wasomi. Alipoanza uwakili, akakutana na sheria za mila za Kiholanzi.

Mwaka 1619, kutokana na mzozo wa dini na siasa, alihukumiwa kifungo cha maisha katika ngome ya Loevestein. Humo ndimo alimoandika utangulizi wa sheria za Uholanzi kwa Kiholanzi, akibuni istilahi mahali pa zile za Kilatini. Mwaka 1621 alitoroka akiwa amejificha ndani ya sanduku la vitabu. Utangulizi huo ulichapishwa mwaka 1631, na hata mahakama za Afrika Kusini zimeurejelea. Alifariki Rostock, Ujerumani, mwaka 1645.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna funzo hapa: istilahi za sheria hazijizui zenyewe, huundwa na aijuaye sheria na kuienzi lugha yake.